Faili Lililopoteza Matawi

Kila siku saa tisa alasiri, kengele ya kutoka ilipolia katika Shule ya Msingi Mikoroshini, Kibiti, wanafunzi walitawanyika kwenda makwao. Mwajabu Yassin hakuwa miongoni mwao. Alikwenda bombani, akanawa mikono kwa sabuni, akaifuta kwa kitambaa alichokibeba kwenye mkoba, kisha akabisha hodi katika chumba kidogo kilichopakana na ofisi ya walimu. Mwalimu Elinipendo hakuruhusu mikono yenye vumbi iguse kompyuta.

Mwaka huo ulikuwa 2004, na kompyuta hiyo ilikuwa ya kwanza kuonekana shuleni. Mwalimu Elinipendo, aliyetoka Same na kufundisha Maarifa ya Jamii, aliletewa na kaka yake wa Dar es Salaam. Ilikuwa kuukuu, kubwa kama sanduku la nguo, na ilitumia umeme wa jua uliohifadhiwa kwenye betri mbili. Betri zilitosha kwa saa mbili tu kwa siku. Taa nyekundu ikiwaka, kila mtu alijua muda umekwisha.

Mwajabu alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba. Kwa wiki tatu alikuwa mchapaji wa kazi kubwa kuliko zote ambazo darasa lao lilipata kufanya. Wanafunzi waliwauliza wazazi na mababu zao waliolima mpunga bondeni, kando ya mto Rufiji: maji ya mafuriko hupanda kwa dalili gani? Watu hukimbilia wapi? Njia zipi hufaa na zipi huua? Wengi bado waliyakumbuka mafuriko ya mwaka tisini na nane, mvua za Elinino zilipowakuta watu juu ya madungu, vile vibanda virefu vya kulindia mashamba, wakashindwa kushuka kwa siku mbili.

"Soma, nachapa," Mwajabu alimwambia Sadala, mwanafunzi mwenzake aliyeshika madaftari.

"Kijiji cha Nyamkole," Sadala alisoma. "Njia za kufika mwinukoni."

Nyamkole kilikuwa kijiji cha bibi yake Mwajabu, Bibi Tabu. Mwajabu alichapa kwa furaha. Programu ile haikuwa ya kuandikia barua. Ilikuwa ya kupanga mawazo. Ukibonyeza kitufe kinachoitwa Tab, mstari uliingia ndani kidogo ukawa mtoto wa mstari ulio juu yake. Ukibonyeza tena, ukawa mjukuu. Mistari hiyo iliyoingia ndani programu iliiita matawi. Ukigusa kialama cha pembetatu, watoto na wajukuu wote walijificha, na ukigusa tena wakatokea.

"Hii kali!" Sadala alisema kila mara pembetatu ilipogeuka. "Kijiji kizima kimeingia chini ya mstari mmoja!"

Siku ya Jumatano walifika mstari wa mia mbili na kumi na nne, na huo ulikuwa wa mwisho. Vijiji kumi na kimoja vilikuwa ndani ya kompyuta. Sadala alipiga makofi. Mwajabu alizunguka na kiti mpaka karibu aanguke.

Mwalimu Elinipendo aliingia akiwa na habari iliyomfanya Mwajabu asahau hata kusimama kumwamkia. Bwana Sixtus, afisa wa mradi mmoja wa tahadhari ya mafuriko kule Utete, alikuwa amesikia juu ya kazi yao. Alitaka kuichapisha kwenye karatasi mia tano na kuzibandika vijijini kabla ya masika.

"Gari la chanjo linakwenda Utete kesho alfajiri, dereva ametukubalia," mwalimu alisema. "Karatasi zitachapwa kesho, na keshokutwa asubuhi gari la mradi linazipeleka vijijini. Mwajabu, utakwenda nami. Wewe ndiye unayeijua kazi hii mstari kwa mstari."

"Mimi? Utete?"

"Wewe. Sasa nisikilize vizuri. Kompyuta ya Bwana Sixtus ina programu nyingine. Kila programu huhifadhi faili kwa muundo wake, na programu nyingine inaweza isiuelewe. Kwa hiyo hifadhi mara mbili kwenye disketi tutakayoibeba. Mara ya kwanza kwa muundo wa programu yetu. Mara ya pili chagua maandishi matupu, muundo unaosomwa na karibu programu zote. Hapo patatokea swali: je, matawi yahifadhiwe? Usijibu tu kwa haraka, soma. Ukimaliza, fungua hilo faili la pili uone kama kila mstari uko mahali pake. Umenielewa?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu alitoka kwenda kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Mwajabu aliingiza disketi. Kichwani hakuwa chumbani humo tena. Alikuwa akiwaza sare yake ambayo haijafuliwa, na shangazi Mwanahawa aliyeahidi kumsuka nywele akipata safari yoyote ya maana. Kama angewahi, angesukwa kabla ya magharibi. Alihifadhi faili la kwanza. Alihifadhi la pili. Swali lilipotokea, alibonyeza kitufe kilichokuwa karibu, swali likapotea.

"Umelifungua uone?" Sadala aliuliza.

"Taa nyekundu itawaka sasa hivi."

"Haijawaka bado."

"Sadala, nawe! Faili ni lile lile."

Mlangoni alikutana na mwalimu. "Umehakikisha?"

"Nimehakikisha, mwalimu," Mwajabu alisema, akaondoka mbio.

Safari ilikuwa tamu. Mwajabu alikaa dirishani, nywele zake zikiwa zimesukwa mistari sita iliyonyooka. Walivuka daraja jipya jua likichomoza, mto ukiwa mpana na mwekundu chini yao, na dereva akapunguza mwendo ili yeye auone vizuri. Saa tatu walikuwa Utete.

Ofisi ya Bwana Sixtus ilikuwa na kompyuta, mashine ya kuchapa na mashine kubwa ya fotokopi. Nje, jenereta ilinguruma. Bwana Sixtus alikuwa mtu mnene, mchangamfu, anayecheka kabla ya kumaliza sentensi.

"Shikamoo, baba," Mwajabu alimwamkia.

"Marahaba, binti! Ndiye mchapaji? Karibu, karibu. Mwalimu, nenda kamalize shughuli zako za ofisi ya elimu. Mimi na mtaalamu huyu tutaelewana."

Mwalimu Elinipendo alipoondoka, Bwana Sixtus aliingiza disketi. Alijaribu faili la kwanza. Programu yake ilikataa, ikasema haitambui muundo huo. Alijaribu la pili. Likafunguka mara moja.

"Safi! Maneno yote yapo."

Mwajabu alisogea kutazama. Maneno yalikuwepo, lakini yote yalisimama kwenye ukingo wa kushoto kama wanafunzi kwenye mstari wa asubuhi. Hapakuwa na watoto wala wajukuu. Alilikumbuka lile swali la jana.

"Mlisahau kuyapanga kidogo, lakini si neno," Bwana Sixtus alisema. "Kazi ya kupanga naiweza. Hapa naona vichwa, hapa naona orodha." Vidole vyake vilikimbia, akiingiza mstari huu ndani na kuuacha ule nje, kwa jinsi alivyodhani. "Mlihakikisha yote kabla ya kuja, siyo?"

Mwajabu alijibu, "Nimehakikisha, baba."

Lilikuwa neno lile lile la jana, na safari hii lilitoka kwa shida. Alijiambia kwamba Bwana Sixtus ni mtu mzima, anajua kazi yake. Alijiambia pia kwamba akisema, mwalimu ataambiwa, na hatapelekwa tena popote.

Ilipokaribia saa tano, karatasi ya kwanza ilitoka kwenye mashine. Bwana Sixtus aliipeleka kwenye fotokopi, akaweka idadi, akabonyeza. Mashine ikaanza kutema karatasi moja baada ya nyingine, bado za moto. Alimpa Mwajabu moja.

"Jionee kazi ya mikono yako!"

Macho ya Mwajabu yalikwenda moja kwa moja kwa Nyamkole. Pale palikuwa pameandikwa kwa herufi nzito: *Zisizofaa maji yakipanda*. Chini yake palikuwa na orodha ya mambo matatu: Daraja la magogo. Njia ya bwawani. Njia ya msikitini.

Alisoma tena. Njia ya msikitini haikuwa mojawapo ya njia mbaya. Kwenye kompyuta ya shule ilikuwa imesimama peke yake, nje ya zile mbili, kwa sababu ndiyo njia pekee iliyobaki kavu. Bibi Tabu mwenyewe alipita hapo mwaka tisini na nane, mtungi wa mbegu kichwani na mtoto mgongoni. Matawi yalipopotea, njia ile njema iliangukia kwenye kundi la njia za kifo, na Bwana Sixtus hakuwa na namna ya kujua.

Mashine iliendelea kutema. Ishirini. Thelathini.

"Simamisha!" Mwajabu alipiga kelele.

Bwana Sixtus aligeuka. "Nini?"

"Simamisha mashine, baba! Karatasi zina makosa! Zitawapeleka watu majini!"

Bwana Sixtus alibonyeza kitufe. Mashine ikanyamaza. Wakati huo huo Mwalimu Elinipendo alisimama mlangoni, bahasha mkononi. "Kuna nini?"

Mwajabu aliwatazama wote wawili. Angeweza kusema kompyuta imeharibu. Angeweza kusema Bwana Sixtus amepanga vibaya. Lakini karatasi ilikuwa mkononi mwake, na jina la kijiji cha bibi yake lilikuwa juu ya karatasi hiyo.

"Mwalimu, jana sikuhakikisha," alisema. "Swali la matawi nililibonyeza bila kulisoma. Faili sikulifungua. Nilitaka kuwahi kusukwa. Nikakudanganya. Na leo baba aliponiuliza, nimemdanganya naye."

Mwalimu Elinipendo aliichukua karatasi, akaisoma polepole, akaiweka mezani.

"Hayo tutayazungumza," alisema. "Kwanza kazi. Bwana Sixtus, tuna muda gani?"

"Mafuta ya jenereta yatatosha mpaka saa tisa tu. Kurudi Kibiti na kuja tena leo haiwezekani. Na kesho gari linaondoka saa kumi na mbili asubuhi."

"Kupanga upya kwa mkono, tukifuata madaftari niliyoyabeba?"

"Mistari mia mbili na kumi na nne!" Bwana Sixtus alitikisa kichwa. "Tukikosea mmoja tu, tumerudi pale pale."

Mwajabu alifuta macho. "Faili la kwanza lina matawi yote," alisema. "Mimi mwenyewe niliyaona jana. Yamo humo ndani."

"Yamo, lakini programu yangu haiwezi kuyasoma, binti."

"Programu yako haiwezi. Sisi je? Hatuwezi kulifungua tukatazama tu lilivyo?"

Bwana Sixtus alimtazama Mwalimu Elinipendo. Kisha, bila kucheka safari hii, akaketi. Alilifungua faili lile kwa programu nyepesi ya kuandikia, ile isiyopanga wala kupamba chochote, inayoonyesha tu kilichomo. Juu kabisa zilitokea alama za ajabu, vijisanduku na herufi zisizosomeka. Alishuka chini. Mwajabu aliinama mpaka pua ikakaribia kioo.

Katikati ya vurugu hiyo aliona maneno yake.

1|Kijiji cha Nyamkole
2|Njia za kufika mwinukoni
3|Zisizofaa maji yakipanda
4|Daraja la magogo
4|Njia ya bwawani
3|Njia ya msikitini

"Namba!" alisema. "Mwalimu, tazama namba! Mimi sikuandika namba hizi!"

"Pengine ni alama za programu tu," Bwana Sixtus alisema.

"Hapana, baba! Kijiji kina moja. Njia za kufika mwinukoni ni mtoto wake, ina mbili. Zisizofaa ni mjukuu, ina tatu. Daraja na bwawa wako ndani zaidi, wana nne nne. Halafu msikitini..." Alirukaruka papo hapo. "Msikitini inarudi tatu! Imetoka nje! Namba ndiyo inayosema mstari umeingia ndani kiasi gani!"

Mwalimu Elinipendo alivaa miwani. Alishuka mpaka kijiji kingine, akakagua, kisha kingine. Uso wake ulifunguka. "Ni kweli. Programu yetu huandika namba. Bwana Sixtus, ya kwako huyatambua matawi kwa alama gani?"

"Kwa nafasi za Tab. Mstari usio na Tab ni kichwa, wenye Tab moja ni mtoto, wenye mbili ni mjukuu."

"Basi tuzibadilishe namba ziwe Tab!" Mwajabu na mwalimu walisema kwa pamoja, na Bwana Sixtus akacheka kicheko chake cha kwanza tangu mashine isimame.

Walifuta kwanza zile alama za ajabu za juu. Kisha Bwana Sixtus aliyahamishia maandishi kwenye programu ya barua, yenye uwezo wa kutafuta kitu na kukibadilisha kila kilipo. Aliiamuru itafute 3 na kuweka Tab mbili. Mara maandishi yakabadilika yote. Mwajabu alisoma haraka, akapiga yowe.

"Rudisha, rudisha! Kwa Nyamkole niliandika 'maji yakifika ngazi ya 3 ya dungu, hamisha watoto.' Sasa ile tatu imepotea, imekuwa nafasi tupu!"

Bwana Sixtus alirudisha nyuma. "Ningeiua ile ngazi," alisema, akijifuta jasho. "Tufanyeje?"

"Namba za matawi zina kile kijiti pembeni," Mwajabu alisema. "Ngazi ya dungu haina kijiti. Tafuta tatu pamoja na kijiti chake."

Ilifanya kazi. Walianza na nne na kijiti, wakaweka Tab tatu. Tatu na kijiti, Tab mbili. Mbili na kijiti, Tab moja. Moja na kijiti ikafutwa tu. Wakahifadhi kwa maandishi matupu. Bwana Sixtus alifungua programu yake, akalichagua faili jipya, akasita kidole kikiwa juu ya kitufe.

"Bonyeza wewe," alimwambia Mwajabu.

Alibonyeza. Kioo kiliganda kidogo, kisha matawi yakajitandaza: vijiji kumi na kimoja, watoto ndani, wajukuu ndani zaidi, na Njia ya msikitini imesimama nje kwa usalama wake. Bwana Sixtus alipiga meza kwa kiganja. Mwalimu Elinipendo, ambaye wanafunzi hawakuwahi kumwona akiruka, aliruka.

Mwajabu hakuruka. "Tuhakikishe," alisema.

Alitoa madaftari ya darasa kwenye mkoba wa mwalimu. Mwalimu alisoma daftari, Mwajabu akafuata kwenye kioo kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari. Mgongo ulimuuma na macho yalimwasha. Kwenye mstari wa mia moja na tisini walikuta kosa: kisima cha kijiji kimoja kilikuwa chini ya jina la kijiji kingine. Hilo halikuwa kosa la muundo wa faili. Mwajabu alikuwa amelichapa hivyo siku nyingi zilizopita. Alilisema kabla hajaulizwa, wakalirekebisha. Saa nane na nusu karatasi ya mia tano ilitoka kwenye mashine, na zile zenye makosa, arobaini na mbili, Bwana Sixtus alizichana moja moja ili hata moja isije ikapotea na kufika kijijini.

Wakati wa kurudi, Mwajabu hakutazama dirishani. Alingoja. Walipokwisha kuvuka daraja, Mwalimu Elinipendo alisema, "Jumatatu utalieleza darasa lote jinsi faili lilivyopoteza matawi na jinsi ulivyoyapata. Lakini utaanzia mwanzo."

"Na ile sehemu ya kukudanganya?"

"Huo ndio mwanzo."

Jumatatu alisimama mbele ya wenzake arobaini na wanane. Aliwaambia kuhusu swali alilolibonyeza bila kulisoma, kuhusu nywele, na kuhusu lile neno 'nimehakikisha' alilolisema kwa mwalimu na kulirudia Utete. Wengine walicheka mwanzoni. Alipofika kwenye karatasi ya Nyamkole, hakuna aliyecheka. Alipofika kwenye namba na vijiti, Sadala alishindwa kukaa, akasimama juu ya dawati ili aone vizuri ubaoni, na mwalimu hakumkemea.

Mwezi wa nne maji yalipanda kweli, ingawa si kama ya mwaka tisini na nane. Bibi Tabu alikuja Kibiti kukaa na mwanawe mpaka bonde likauke. Watu wote wa Nyamkole walikuwa wamefika mwinukoni salama, alisema, hata wale vijana waliohamia juzi juzi wasiozijua njia. Walisoma karatasi iliyobandikwa kwenye duka.

Siku hiyo hiyo Mwajabu aliipeleka habari darasani, na Mwalimu Elinipendo akaweka chaki chini.

"Wanangu," alisema, "mtu yeyote anaweza kubonyeza kitufe kibaya. Hata mimi nimebonyeza vingi. Kosa la namna hiyo tulilirekebisha kwa saa tatu. Lililotaka kuwadhuru watu wa Nyamkole ni neno moja, 'nimehakikisha', lililosemwa na mtu ambaye hakuhakikisha. Na lililowaokoa ni neno jingine, 'simamisha', lililosemwa na mtu yule yule, akijua kabisa kwamba litamwaibisha. Mkipewa kazi, ikagueni kabla ya kusema imekwisha. Na mkiwa mmekwisha kusema uongo, msiogope kuuvunja wenyewe, hata mashine ikiwa imeshaanza kuchapa."